Ng'ombe wa Dancille Yuko Uskoti

Mimi nimeona mengi. Niliwahi kumwona mamba akipanda basi pale Jinja, akakaa kiti cha mbele na kushuka kabla kondakta hajamfikia, nami nikaendelea kumenya ndizi zangu. Kwa hiyo nikisema Dancille alinishtua, niaminini. Hiyo ya mamba mnaweza kuipunguza. Hii ya Dancille sijaitia chumvi hata ya kuonja.

Dancille ni Mrundi, anakaa Märsta huku Sweden, ana miaka hamsini na minane. Kanisani kwetu Jakobsberg wanamwita Mama Tania, kwa jina la binti yake mkubwa. Kazi yake ni kusafisha ndege. Abiria wakishuka kwa mlango wa mbele, yeye na wenzake wanaingia kwa mlango wa nyuma, na wana dakika chache tu za kuokota magazeti, makombo na soksi za watu. Ukimwonyesha takataka za ndege anakuambia ndege hiyo ilikotoka. Miaka kumi na tisa ameingia ndege zisizo na idadi, na hakuna hata moja iliyompeleka popote.

Halafu ni mkimya. Ukimwuliza watoto anasema, "Wazima." Ukimwuliza nyumbani anasema, "Tunashukuru." Basi, maongezi yamekwisha, unabaki unatazama kisogo cha mtu wa mbele yako. Kwa miaka yote hiyo nilijua matatu tu: kwamba alizaliwa kwenye milima ya Mugamba kwa watu wa ng'ombe, kwamba vita viliwamaliza ng'ombe wote wa baba yake, na kwamba Kiswahili alikipata kwenye kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, kama mimi nilivyookota changu mpakani Busia nikiuza nyanya.

Lakini mkimya huyo alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumsogeza. Jambo lenyewe lilikuwa ng'ombe.

Tania alipoolewa, miaka mitatu iliyopita, upande wa mume walileta mahari kama wanavyofanya siku hizi huku Ulaya. Walitoa simu. "Mama, ng'ombe wako huyu hapa kwenye picha. Yuko nyumbani Gitega, anakula majani, anakusubiri." Alikuwa ng'ombe mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso na pembe moja imeinama. Dancille akapiga makofi ya shukrani, akatamka maneno ya kumtoa binti, tukala. Miezi minne baadaye tukaalikwa harusi nyingine, ya watu wengine kabisa. Simu ikatolewa. Doa jeupe. Pembe imeinama. Nikamtazama Dancille: ameshika sahani, wali unamwagikia viatuni na hana habari. Mwaka uliofuata, mtaani kwangu Fisksätra, pembe ileile! Kwa hesabu yangu ng'ombe yule ameoa wasichana saba wa Stockholm, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona.

Basi walipokuja kumposa binti wa pili, Colombe, Dancille aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua mkono wa kulia. "Sitatamka neno la kumtoa mwanangu mpaka nimguse ng'ombe kwa mkono huu."

Na bila neno hilo la mama, kwa watu hawa hakuna harusi. Ukumbi uwe umeshakodiwa, keki iwe ya ghorofa sita, hakuna harusi. Siku iliwekwa mwezi wa nane. Mwezi wa sita ukaingia, Dancille hajatamka kitu, na Colombe alikuwa amekonda mpaka gauni likapelekwa kupunguzwa mara mbili.

Mshenga alikuwa Protais, baba mdogo wa bwana harusi, dereva wa mabasi, mcheshi asiyejua mahali pa kuacha. Bwana harusi mwenyewe, Axel, kazaliwa hapahapa. Ni fundi wa lifti, mrefu, mpole, na ng'ombe alikuwa anamjua kwenye pakiti ya maziwa.

Mwezi huohuo kwaya yetu ikaalikwa Uskoti, tukaimbe kwenye kanisa moja la Edinburgh. Tulikwenda watu arobaini, Colombe, Axel na Protais wakiwemo. Kwa mara ya kwanza tangu aje Sweden Dancille alikaa kwenye ndege akafunga mkanda. Tulipotua akasimama, akaanza kuokota vikombe vya watu. Ikabidi nimshike mkono. "Mama Tania, acha. Leo wewe ni abiria."

"Jajja, hivi vikombe vitabaki?" Wote wananiita Jajja, ndiyo bibi kwa kwetu Uganda.

"Vitabaki. Kuna Dancille wa hapa, atakuja."

Akaviacha, lakini aligeuka kuviangalia mara tatu.

Jumapili tuliimba. Jumatatu tukakodi basi kuzunguka mashambani, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Jamani, nchi ile! Milima mikubwa, myeusi, imesimama uchi, mti hakuna. Mvua inanyesha na jua linawaka kwa wakati mmoja na hakuna mwenyeji anayeuliza kuna nini. Tulishuka kwenye ziwa moja kujinyoosha, upepo ukamvua Nyambura, mwimbaji wetu wa Kikenya, wigi lake, ukamvika kondoo kichwani. Kondoo akaondoka kwa maringo kwenda kuwaonyesha wenzake. Nyambura akarudi kwenye basi amejifunga kitambaa cha kanisa, hataki kusemeshwa.

Saa saba mchana dereva, Mskoti mwenye ndevu nyekundu, akasimama kando ya ukuta wa mawe. "Dakika ishirini za picha," akasema.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na ng'ombe. Mimi nilidhani ni mablanketi yameanikwa. Wana nywele! Nywele za rangi ya kutu, zimeshuka mpaka puani kama za mtu aliyegombana na kinyozi, na juu yake pembe pana, ndefu, kama za ng'ombe wa Ankole.

Dancille, ambaye siku zote hushuka wa mwisho, alishuka wa kwanza. Nilimkuta getini ameshika vyuma.

"Jajja, hawa ni ng'ombe."

"Ndiyo, mama, nami nimeona."

"Hapana. Hawa ni *ng'ombe*."

Protais akaona nafasi yake. Karibu na geti, katika nyasi ndefu, mmoja alikuwa amelala anacheua, tumbo lote limefunikwa na majani. Protais akavua kofia, akakohoa kikohozi cha mshenga, akaita, "Amashyo!" Kwa Warundi ni salamu ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe, na kwenye posa ndiyo inayofungua mambo. Watu wakageuka.

"Mama Tania!" akasema kwa sauti ya kwenye sherehe. "Ulisema hutatoa mwana mpaka uguse. Sisi si watu wa simu. Ng'ombe huyu hapa, amelala anakungoja. Nyoosha mkono!"

Tukacheka. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Protais alitaka amchekeshe mama wa watu, moyo ulainike, jioni waongee vizuri. Lakini alisahau kwamba kwao mshenga akishavua kofia na kutoa salamu ile mbele ya mashahidi, utani umekwisha. Hapo ni posa.

Dancille hakucheka. Alipitisha mkono kati ya vyuma vya geti, akagusa pembe, akashuka polepole mpaka kwenye paji la uso chini ya zile nywele, akauacha hapo. Ng'ombe akafumba macho. Ndipo Dancille akafungua mdomo.

Sijui niwaelezeje. Sauti ilitoka kwa mwanamke yule ambayo ingeweza kusimamisha treni. Alinyanyua mikono yote miwili juu, akaipinda kama pembe, akaanza kumsifu yule mnyama kwa Kirundi, maneno yanabingirika moja juu ya jingine bila pumzi. Ng'ombe wote wa malisho yale wakanyanyua vichwa. Dereva akaiacha sigara yake ikaungua mpaka vidoleni. Ukiondoa siku za posa nyumbani kwake, hakuna aliyewahi kumsikia Dancille akisema zaidi ya maneno manne.

"Mamma?" Colombe akaita. Huyo ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiswidi.

Dancille akashusha mikono, akamgeukia. "Mbele ya watu hawa," akasema, "mimi mama yako…"

Na hapo ng'ombe akasimama. Alianza na matako, kama ng'ombe wote, akajitikisa, akatugeuzia ubavu, akakojoa.

Mkojo haukutoka nyuma. Ulitoka katikati ya tumbo.

Waliozaliwa Sweden waliendelea kupiga picha. Sisi tuliokua na mifugo tulishika vichwa. Dume! Kisha akageuka kabisa, akanyanyua mkia, tukaona jingine: hata korodani zenyewe zilikuwa zimeshakatwa. Maksai.

Nieleweni uzito wake. Mahari ni mtamba, jike ambalo litazaa, maana unaomba na binti azae. Kumletea mama maksai ni kumwambia tumbo la mwanao na lifungwe. Kuna koo mbili kwao ziligombana kwa sababu ya fahali aliyeletwa kimakosa, ninavyosikia wajukuu zao mpaka leo hawapeani chumvi. Na huyo alikuwa fahali mzima!

"Weee Protais!" Nyambura akapiga kelele, wigi limesahaulika.

"Mama Tania, nilikuwa natania!" Protais akasema, na hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Unatania," Dancille akasema. Sauti imerudi chini, na ya chini ilitisha kuliko ya juu. "Mwanangu ni utani?"

"Mnyama ana nywele mpaka magotini! Mimi ningejuaje?"

"Ungemwinua. Ungeuliza. Baba yako alichunga ng'ombe au alinyoa watu?" Akafuta mkono kwenye sketi. "Colombe, panda basi. Harusi hakuna."

"Mamma, snälla!" Colombe akamsihi, analia na kamasi.

"Nimesema hakuna."

Akapanda, akakaa, akatazama dirisha la upande wa pili ambako kulikuwa na mlima mtupu. Colombe akabaki ngazini kama aliyepigwa na kitu. Protais akanijia, kofia anaiviringisha mikononi.

"Jajja, niokoe. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa."

"Nikuokoe na nini? Umempa mtu mahari isiyo na kiwele wala korodani. Hata shetani angeanza na kimojawapo."

Dereva akapiga honi. Watu wakapanda kimyakimya, wakahesabiwa. Thelathini na tisa. Akahesabu tena.

"Axel yuko wapi?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Tuligombana, tukalia, tukashutumiana, na hakuna aliyemkumbuka bwana harusi. Colombe akashuka anaita, upepo unalichukua jina. Dereva anaangalia saa. Zikapita dakika kumi, zikapita kumi na tano.

Kisha wakatokea nyuma ya ukuta. Mbele alikuwa bibi wa Kizungu wa umri wangu, mwenye buti za mpira na koti lililotoboka. Nyuma yake mtamba mdogo wa nywele nyekundu. Na kati yao, kwenye kamba, rundo la matope linatembea. Rundo lilikuwa na kiatu kimoja tu. Rundo lilikuwa Axel.

"Kom då, gumman," alikuwa akimwambia mtamba aje, taratibu, kama anavyowabembeleza vikongwe waliokwama kwenye lifti. "Kom nu, kom."

Alikuwa amekimbia mpaka nyumba iliyo nyuma ya kilima. Yule bibi alitaka kwanza kuita polisi. Baadaye akacheka. Baadaye akamfungulia zizi, akamwonyesha mtamba, akampa kamba. Mtamba alimburuza mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ndani ya lundo la samadi.

Alisimama mlangoni mwa basi, ananuka mpaka viti vya nyuma. "Mama," akasema kwa Kiswahili chake kile cha maneno ya kuhesabika, "naomba ushuke. Huyu ni jike. Nimeuliza mara mbili. Halafu nimeangalia."

Dancille hakugeuka. "Ni wako?" akauliza dirisha.

Nikamwona Protais akimkonyeza kijana kwa macho yote mawili: sema ndiyo, sema ndiyo!

"Hapana, Mama," Axel akasema. "Ni wa huyu mama. Nimemwomba aniuzie, amesema tutaongea. Sijui kama atakubali. Lakini wewe ulisema unataka kugusa. Na baba mdogo amekupa yule… mwingine. Nimeona aibu."

Protais akafumba macho. Mimi nikasema moyoni, imekwisha, kijana kajichimbia mwenyewe.

Dancille akainuka. Akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akashuka, akampita Axel, akaenda moja kwa moja kwa mtamba. Alimfungua mdomo akatazama meno. Akamnyanyua mkia. Akambonyeza kiwele, akavuta ngozi ya shingo akaiachia, akamzunguka mara mbili. Yule bibi wa Kiskoti alikuwa amekunja mikono anamfuata kwa macho. Akaniambia kitu.

"Anasema nini, Jajja?" Dancille akauliza.

"Anasema wewe unajua kazi." Kusema kweli upepo ulikuwa mkali na Kiingereza chake kimejaa mawe, sikushika hata nusu. Lakini uso wake ndivyo ulivyosema.

"Mwulize anauza?"

Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kuuzia nyanya. Protais akaingia kati, wakavutana pembeni, wakaelewana. Bei sikuisikia na sikutaka kuisikia. Nilichosikia ni dereva, akiapa kwamba mnyama yule hapandi basi lake.

"Na hata akipanda, tumweke wapi Märsta?" Nyambura akauliza. "Balkonini?"

"Nani kasema anaondoka?" Dancille akajibu. "Namkabidhi kwa huyu mama."

Hii ni desturi ya kwao. Asiye na malisho humkabidhi mwenzake ng'ombe amchungie. Maziwa na samadi ni ya mchungaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya ndama kadhaa mchungaji naye hupewa wake. Kwa mkataba huo watu wasio ndugu wanakuwa zaidi ya ndugu. Nilimfasiria yule bibi neno kwa neno, na mahali nisipokuwa na neno nilitumia mikono. Labda niliongeza kwamba Dancille ni wa ukoo wa kifalme. Labda.

Bibi aliitazama mikono ya Dancille, iliyokobolewa na sabuni ya miaka kumi na tisa. Kisha akatema mate kwenye kiganja chake, akakinyoosha.

"Äckligt!" Colombe akaruka nyuma kwa kinyaa. Basi zima liliguna. Mimi na Dancille tulitazamana, midomo wazi. Kumbe hawa nao wanajua! Kwetu mzee akitema mate kiganjani amekubariki, hakuna wino unaoshinda hapo. Dancille akatema ya kwake. Viganja vikakutana, vikabanana, na hakuna aliyetangulia kuachia.

"Protais," Dancille akasema. "Vua kofia. Sema upya. Na safari hii usicheke."

Protais alivua kofia, akatoa salamu, akasema yote mpaka mwisho bila hata tabasamu. Dancille aliweka mkono wa kulia kwenye paji la mtamba, mkono uleule wenye mate, akamtazama yule kijana wa matope aliyesimama kwa soksi moja.

"Axel, Colombe ni wenu. Nimemtoa."

Colombe akaketi palepale kwenye nyasi zenye maji. Nyambura akapiga vigelegele, mtamba akashtuka, akaondoka na Axel kwa mara ya nne. Tulimpata chini ya mteremko, bado ameshika kamba.

Safari ya kurudi Edinburgh madirisha yote yalikuwa wazi kwa ajili ya harufu. Nilimpa Dancille kitambaa chenye maji apanguse mkono. Akakitazama kama nimempa nyoka. Aliulaza mkono kwenye paja, kiganja juu, na bila kuulizwa na mtu akaanza kutaja majina. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nilidhani ni watu waliokufa. Walikuwa ng'ombe wa baba yake: huyu alikuwa wa kijivu, huyu alimpiga teke mkusanya kodi, huyu alikuwa hakubali kukamuliwa mpaka aimbiwe.

Colombe, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka, akaweka kidevu juu ya mgongo wa kiti. Alimtazama mama yake kama mtu aliyepanda basi akaketi karibu na mgeni. Tukapita mji mmoja, tukapita mwingine, mvua inaingia ndani, na Dancille hajafika nusu.

"Na huyo wa kuimbiwa," Colombe akauliza, kwa Kiswahili, "alikuwa anaimbiwa na nani?"

"Na mimi," Dancille akasema. "Lakini subiri, usinichanganye. Bado wa upande wa mjomba."